Siku Mwamuzi Aliporuka Majini

Kamati ya michezo ya Maulidi ilimletea Baba barua yenye muhuri. Aliyeileta ni kijana wa mtaani ambaye siku zote humwita "Babu", lakini siku hiyo alimwita "Mheshimiwa", akamtia barua mkononi na kuondoka mbio kabla hajaulizwa lolote. Iliandikwa kwamba, kwa kuutambua umri wake na mchango wake katika michezo ya mji, mzee anaombwa awe mwamuzi mkuu wa mashindano ya kuogelea, na kwamba atawekewa kiti.

Baba aliisoma akiwa amesimama dakani. Kisha akanipa mimi niisome kwa sauti. Nilipofika kwenye kiti akanikatiza.

"Kiti cha nini?"

"Cha kukalia, Baba."

"Nikae niwatazame wenzangu?"

Wenzake hao walikuwa vijana wa miaka 17 na 18, na wengi wao ni yeye aliyewafundisha kuogelea. Yeye alikuwa anaikaribia 70. Ulikuwa mwaka wa 2009, mwezi wa Machi, Mfungo Sita, mwezi wa Maulidi, umefika ukingoni, na mimi nilikuwa nimetoka Mombasa na mwanangu kuja kwa Maulidi nyumbani Lamu.

Baba hakujua kutazama. Sijui niliseme vipi jambo hili lieleweke kwa mtu ambaye hakumwona. Harusini, wanaume wakishapanga safu ya goma, kanzu nyeupe na bakora mikononi, yeye alikuwa keshasimama mkiani mwa safu na mwenye harusi hajapata hata kumkaribisha. Uwanja wa Twaif alikatazwa kukaa karibu na mstari, kwa sababu mpira ukitoka nje haukuwafikia watoto wa kuokota. Aliurudisha yeye kwa mguu wa kushoto, na si kila mara kwa timu iliyostahili. Wajukuu wakicheza rede uchochoroni, walimkuta katikati akikwepa mpira huku ameshika kikoi kisimdondoke. Tiara zake za gazeti na vijiti vya chelewa ziliruka juu kuliko za dukani, na akishairusha hakumpa mtoto kamba mpaka mtoto alie.

Lakini mchezo aliowatesa nao hasa ni wa kujificha. Watoto wetu walidhani babu yao anajificha nyuma ya milango na chini ya vitanda kama watu wengine. Yeye alitoka nje, akapiga hodi nyumba ya tatu au ya nne, akakaribishwa, akanywa kahawa, akazungumza habari za dunia na mwenye nyumba, na watoto wakimtafuta mpaka adhana ya magharibi. Akirudi, wamekaa ngazini wamenuna, wengine wamelia. "Mumeshindwa?" anawauliza. Mama akimlaumu, anasema mwenye kutafuta lazima ajifunze kutafuta mbali.

Ujana wake aliumaliza baharini. Alikuwa baharia wa majahazi ya boriti, yale yaliyopakia mikoko hapa kwetu na kushuka nayo Mombasa, au kungoja kusi na kupanda nayo Uarabuni, halafu yakarudishwa na kaskazi. Mwaka wa 1982 serikali ilipiga marufuku kuuza boriti nje ya nchi, na kazi hiyo ikaisha. Baba akageuka fundi wa chokaa. Boriti alizokuwa akizivukisha bahari sasa akawa anazipandisha darini, na mtu akimsikiliza alimweleza kwa kirefu kwa nini vyumba vya nyumba za mawe za Lamu ni virefu na vyembamba: boriti ndiyo inayoamua upana wa chumba, si mwenye nyumba. Jioni alishona nyavu za watu. Na katikati ya kazi hizo zote, bila malipo, alikuwa mwalimu wa kuogelea wa mtaa mzima. Chombo chake cha kufundishia kilikuwa nazi mbili kavu ambazo hazijafuliwa, zimefungwa pamoja kwa kamba. Mtoto anazipitisha kifuani, nazi moja kila kwapa, anasukumwa kutoka ngazi ya mwisho pwani, na anaambiwa apige miguu. Mimi nilijifunzia nazi hizo. Mwanangu naye alijifunzia nazi, ingawa bila shaka si zile zile.

Sasa turudi kwenye barua. Wakati huo Baba alikuwa na presha. Daktari alimwambia apunguze chumvi, apunguze ngazi, na asijichoshe. Chumvi aliipunguza mezani, mbele yetu. Ndugu zangu, ambao wote walikuwa mbali kikazi, walinipigia simu mmoja baada ya mwengine kunikabidhi ulinzi. Kifungamimba wetu, ambaye anamfahamu Baba kuliko sisi sote kwa sababu amefanana naye, aliniambia kwa kifupi: "Dada, usimruhusu afike karibu na maji." Nikamjibu kwamba huyu amepewa kiti, amepewa cheo, atakaa. Akacheka.

Asubuhi ya mashindano nilimkuta Mama jikoni akitia vitu kikapuni: kikoi kilichokunjwa, taulo, chupa ya chai ya tangawizi, mahamri kwenye kitambaa. Nikamuuliza anakwenda wapi. Akasema anakwenda mtaa wa Langoni kwa mama yangu mdogo, hajamwona siku nyingi. Nikaona ajabu kidogo kwamba mtu anakwenda kwa dadake na taulo, lakini nyumba ilikuwa imejaa wageni na mimi nilikuwa na sufuria mbili motoni, nikalipuuza.

Baba alitoka mchana, kanzu imepigwa pasi, kofia ya viua kichwani, bakora mkononi. Alipendeza. Watu waliomwona akishuka kwenda pwani walimpisha njia, na alizipokea salamu zao kwa upole ambao si wake.

Asiyewahi kuuona mji wa Lamu wakati wa Maulidi itabidi anisadiki tu. Msikiti wa Riyadha, ule alioujenga Habib Swaleh, ndio moyo wa jambo lenyewe, na usiku wa Maulidi makubwa watu hujaa ndani na nje, na mchangani mpaka mbali. Wageni huja kutoka Mombasa, Tana, Unguja, Komoro, na wenyeji huwafungulia nyumba zao. Lakini kabla ya usiku huo kuna siku za michezo, na mchana wote pwani haipitiki. Siku hiyo mbio za punda zilikuwa zimekwisha, na punda mmoja aliyekataa kushindana bado alikuwa amesimama katikati ya njia karibu na Mkunguni, mwenyewe akimvuta mbele na watu wakimsukuma nyuma. Wauza viazi vya karai walikuwa na foleni. Wanawake tulikuwa tumejipanga upande wetu, mabuibui meusi kutoka gatini mpaka karibu na nyumba za mwisho, tukisubiri kuogelea kuanze.

Mpango ulikuwa hivi. Waogeleaji wanavushwa mpaka ng'ambo, kisiwa cha Manda, wanaingia majini, wanakuja Lamu. Mwamuzi anawafuata kwa mashua. Ndani ya mashua waliweka kiti cheupe cha plastiki, wakakifunga kwenye mlingoti kwa kamba kisiteleze. Pamoja na Baba alipanda bwana mmoja wa kamati, mtu mzima wa makamo, mkavu, mwenye kupenda mambo yaende kwa utaratibu. Ndiye aliyemvisha Baba firimbi shingoni. Yeye mwenyewe alikuwa amevaa jaketi la kujiokolea, rangi ya chungwa, amelifunga mpaka kidevuni. Mashua nzima hakuna mwengine aliyevaa.

Walichagua wakati baada ya sala ya alasiri. Mwandamo ulikuwa karibu, kwa hiyo maji yalikuwa ya bamvua, yamejaa mpaka ngazi ya juu, na yalikuwa ndiyo kwanza yameanza kupwa. Anayeijua mikondo ya hapa kwetu anajua maana yake. Maji ya kupwa hayangoji mtu. Yanatoka yakishuka upande wa Shela kuelekea bahari kuu, na yanakwenda na chochote kisichotia nanga.

Kutoka Lamu huwezi kuwatambua watu walio Manda. Unaona vichwa tu, kama kete za bao zilizomwagika. Tulimtegemea mtangazaji, ambaye alikuwa juu ya jukwaa na darubini na kipaza sauti. Alikuwa kijana mwenye maneno mengi. Akatutajia majina ya waogeleaji, mitaa yao, na nani aliwahi kushinda. Akasema mwamuzi wetu mpendwa ameketi. Nikashusha pumzi.

Firimbi ililia. Tuliisikia kidogo sana, ikipeperushwa na upepo.

"Wameanza!" akasema mtangazaji. "Wote kumi na wawili wako majini. Wa Matondoni ametangulia, wa Mkomani anamfuata. Mashua nayo imeng'oa. Mwamuzi amesimama. Mwamuzi... ngojeni kidogo. Mwamuzi anavua kanzu."

Kimya kikapita pwani nzima.

"Waogeleaji ni kumi na tatu."

Nilisikia sauti kama ya wimbi ikitoka mwisho mmoja wa umati mpaka mwengine, na ilikuwa kicheko. Mwanamke aliyesimama kando yangu, jirani yetu wa miaka mingi, akaniinamia. "Si babako yule?" Nikamwambia simjui.

Baadaye Baba alinisimulia kwa utulivu kabisa, kana kwamba anatoa ushahidi mahakamani. Alisema alikaa. Wallahi alikaa. Alipuliza firimbi, vijana wakaruka, akakaa kama barua ilivyoagiza. Mashua ikaanza kwenda, na maji yalikuwa yanapita pale chini ya mkono wake, masafi, ya uvuguvugu, kaskazi imelegea haina nguvu. Akakaa tena. Kisha akamwona mmoja wa wale vijana anaogelea vibaya, anatupa mkono wa kulia kabla ya wakati, na akaona hawezi kumrekebisha kutoka kwenye kiti. Basi akavua kanzu, akaikunja, akamkabidhi yule bwana wa kamati pamoja na kofia na saa. Bwana akamwambia, "Mzee, kaa! Kanuni haziruhusu!" Baba akamjibu kwamba kanuni zimepewa kiti, zikae. Chini ya kanzu alikuwa amevaa kikoi, amekifunga kwa fundo ambalo halifunguki kwa maji. Hilo peke yake linaonyesha kwamba hakushtukizwa na mkono wa kulia wa mtu yeyote. Akaziba pua kwa vidole viwili, kama wafanyavyo watoto, akaruka miguu mbele.

Vijana walipigana na maji. Kila mmoja aliulenga mji moja kwa moja, akikata mkondo kwa nguvu za mabega, na mkondo ukiwavuta wakarudi juu, wakavutwa, wakarudi. Baba hakugombana. Alilala chali, akapiga miguu taratibu, uso juu mbinguni, akayaacha maji yampeleke yanakotaka, huku akikata upande kidogo kidogo. Kila baada ya muda mtangazaji aliwasahau washindani akamtafuta yeye.

"Mwamuzi amepitwa na wote. Mwamuzi amefika kwenye jahazi lililotia nanga. Ameshika kamba ya nanga. Amesimama." Kisha, baada ya kimya: "Anazungumza na mabaharia." Kisha: "Jamani. Anapewa kikombe."

Lilikuwa jahazi la watu wa Pate, na Baba aliwajua, kwa maana hakuna chombo alichopita ambacho hakuwa na mtu wa kumsalimu. Walimteremshia kahawa. Aliinywa akining'inia kwa mkono mmoja, maji yakimpita kifuani, akaulizwa habari za nyumbani akajibu, akauliza habari za wazee wa kwao akajibiwa. Mwogeleaji wa Matondoni alifika gatini wakati huo huo. Aliipanda ngazi, akainua mikono juu, na hakuna aliyemwona. Watu wote walikuwa wanatazama jahazi.

Huyo kijana hajasamehe mpaka leo. Baba alipofariki, miaka kadhaa baadaye, kwa usingizi wa mchana ambao hakuamka, kijana yule alikuja hitimani, sasa ana ndevu na watoto. Watu walikuwa wanasimulia ile siku, kila mmoja akiongeza chake, mara kahawa imekuwa sinia ya tambi na mayai, na yeye akangoja wamalize. Akasema, "Na mimi ndiye niliyeshinda." Ndugu zangu walicheka mpaka wakatoa leso. Kifungamimba alimkumbatia.

Baba aliiacha kamba ya nanga. Kati ya jahazi lile na mji palikuwa na mashua nyingi zimefungwa pamoja, na alipofika karibu nazo kichwa chake kikazama. Mtangazaji akasema, "Mwamuzi amepita nyuma ya..." akanyamaza. Tukangoja kichwa kitokee upande wa pili. Hakikutokea. Ile mashua yenye kiti iligeuka ikaja, na bwana wa kamati amesimama ndani yake ameshika mlingoti kwa mikono miwili. Kicheko kikafa mwanzo hadi mwisho wa ufuo. Mtangazaji hakuzima kipaza sauti, kwa hiyo tulisikia anavyohema.

Mimi sijui nilisimama pale muda gani. Najua nilihesabu vitu ambavyo sikupaswa kuhesabu: nitamwambia nani kwanza, simu yangu ina salio au haina, nani atakwenda Langoni kumwita Mama. Nilikuwa nimemshika mwanangu mkono kwa nguvu, naye alikuwa na miaka 8, akawa anajaribu kuutoa.

"Unaniumiza," akasema.

"Babu yako..."

"Babu anajificha." Aliniangalia kana kwamba mimi ndiye mtoto. "Yuko chini ya ngalawa ile ya kijani. Anafanya hivyo kila siku tukimtafuta. Halafu hutokea mbali."

Akanitoka, akaanza kukimbia. Hakukimbilia gatini wala walikokuwa wakitazama watu. Alikimbia upande wa kusini, akiwapita watu miguuni, kuelekea Langoni. Nikainua buibui nikamfuata.

Wajukuu wengine nao walikuwa wanakimbia njia hiyo hiyo. Niliwaona mmoja mmoja wakijitokeza vichochoroni, wale wakubwa mbele na wadogo nyuma, hakuna aliyeitwa. Tulipita mbio kwenye maduka, tukapita punda wanaoteremshwa mawe, tukafika pahali ambapo ufuo unaanza kuelekea njia ya Shela. Hapo pana ngazi za zamani ambazo mimi mwenyewe nilisukumwa kutoka kwazo na nazi zangu mbili. Mama alikuwa amekaa kwenye ngazi. Kikapu kipajani. Amevua viatu amevipanga kando yake.

Sikuweza kusema neno. Mama alinionyesha kwa kidevu. Baba alikuwa anakuja, mbali kidogo, amelala ubavu, mkono mmoja unakwenda na mwengine umepumzika, polepole, kama mtu anayetoka sokoni na hana haraka ya kufika. Maji yalimleta. Yalimleta sawasawa pale, mbele ya miguu ya Mama, na ikabidi nielewe. Mtu aliyekuwa mke wa baharia miaka hiyo yote alikuwa ameangalia mwezi, akaangalia saa ya kuanza, akamjua mumewe, akapiga hesabu yake, akaenda kukaa. Hakumwambia asiruke. Hata barua ile hakuiuliza ilisema nini.

Baba alipanda ngazi mbili akashika goti lake. Alikuwa anahema. Midomo imekwajuka. Wajukuu walimrukia wote kwa pamoja nusura wamrudishe majini.

"Umekawia," akasema Mama.

"Nilipewa kahawa."

Mama akamrushia taulo. Akammiminia chai. Nilikuwa nimejiandaa kusema mengi, na niliyasema, hayakuwa mazuri, juu ya presha na daktari na aibu na watoto wanaojifunza kwake. Baba alinisikiliza mpaka mwisho, tena kwa adabu, huku akitafuna hamri. Kisha akasema, "Ndoo ukae. Mai yanapendeza," yaani njoo ukae, maji yanapendeza. Mwanangu akauliza kama babu alipita chini ya ngalawa ya kijani. Baba akamwambia alipita chini ya ile na ya bluu, na kwamba mwakani atafika tatu.

Siku iliyofuata usiku alikwenda Riyadha pamba imejaa sikioni, akasimama safuni na wenzake matari yakilia, akaitikia, akayumba nao kulia na kushoto mpaka usiku mkubwa. Mimi nilikuwa nje na wanawake, nimekaa mkekani, mwanangu amelala mapajani. Sikumwona lakini nilimjua kwa sauti. Sauti yake ilikuwa mbovu na hakuwahi kuificha.

Ijumaa, baada ya sala, hodi ikapigwa. Alikuwa bwana wa kamati. Amekuja na kanzu, imefuliwa na kukunjwa, kofia juu yake, saa juu ya kofia. Akavikabidhi. Akakaa barazani wima. Akasema kamati imesikitika, kwamba mwamuzi alikiuka kanuni, kwamba kwa heshima ya umri wake halitaandikwa kokote. Baba akakubali. Akaambiwa aombe msamaha, akaomba. Ndipo bwana akafika kwenye jambo lililomleta.

"Firimbi."

Baba alijishika shingoni kana kwamba angeikuta. Firimbi ilikuwa imebaki huko, kati ya jahazi na Langoni, pengine chini ya ngalawa ya kijani.

"Ile ni mali ya kamati," akasema bwana. "Imeandikwa daftarini."

"Basi twende tukaitafute. Maji yakipwa sana asubuhi, mimi na wewe. Watu wawili wakipiga mbizi tutaiona."

Bwana akakohoa. Akasema ana shughuli. Baba akasema siku nyengine. Akasema siku nyengine pia ana shughuli. Baba akamwangalia kwa muda, na mimi niliyekuwa naleta kahawa niliona macho yake yanang'aa, kwa sababu alikuwa amelikumbuka lile jaketi la chungwa lililofungwa mpaka kidevuni.

Akateremsha sauti. "Mwanangu. Hujui kuogelea?"

Mtu aliyezaliwa Lamu, mwenye miaka yapata 50, mwanakamati wa mashindano ya kuogelea. Alitazama ndani kama kuna anayesikia. Mimi nikajifanya natafuta vikombe. Akasema kwamba alipokuwa mdogo aliona mtu akitolewa majini amekufa, na tangu hapo maji yakimpita magotini anaona giza. Hata mkewe hajui. Baba hakucheka. Ni mara chache nimemwona hacheki. Akamwambia aje Jumatatu baada ya sala ya alfajiri, pale ngazini Langoni, hakuna atakayejua.

Nilikuwa nimekusudia kuondoka Jumapili. Nikaahirisha.

Jumatatu tulikuwa wote huko, kwa sababu siri ya Baba ilikuwa haivuki kizingiti. Wajukuu walipangwa kwenye ngazi, wakaamriwa wageuze nyuso ukutani. "Mwenye kuteka ataingia yeye," Baba aliwaambia, maana yake mwenye kucheka. Bwana wa kamati alikuja kwa kupitia vichochoro, amevaa kikoi na fulana, akavishwa nazi mbili kavu, kamba kifuani. Aliingia majini ngazi kwa ngazi akisoma dua. Maji yalipomfika kiunoni akamshika Baba mabega, akimsihi asimwache.

"Usiniwate! Mzee, usiniwate!"

"Sikuwati. Piga miguu."

Akapiga mguu mmoja. Na Baba, aliyekuwa na firimbi mpya ya plastiki nyekundu aliyoinunua dukani kuilipia ile ya kamati, akaipuliza kwa nguvu zake zote. Mbwembwe hizo alizifanya kwa kila mguu: mmoja, firimbi, wa pili, firimbi. Madirisha ya Langoni yakaanza kufunguka. Mpiga punda akasimama. Mzee mmoja akatoka msikitini na viatu mkononi akauliza kuna moto wapi. Wajukuu waliotazama ukuta walikuwa wanatetemeka mabega.

"Mzee!" akalia bwana wa kamati, nazi zimempanda mpaka masikioni. "Firimbi!"

"Ndiyo yenu hii," akasema Baba. "Naijaribu kama inalia."